Agizo Linalosubiri Mtandao

Kampuni ninayoifanyia kazi inasambaza pembejeo za kilimo. Makao makuu yapo Tabora mjini, matawi yapo Urambo, Kaliua, Sikonge na Nzega, na huko ndani zaidi kuna maghala ambayo kompyuta ni moja na karani ni mmoja. Upande wa TEHAMA ni mimi na kijana mmoja tunayemlea kazini. Matawini hawajui cheo changu. Kwao mimi ni dada wa kompyuta, na jina hilo nimelipokea.

Zamani kila tatizo lilikuwa safari. Printa imegoma Sikonge, funga mkoba. Virusi vimeingia Kaliua, tafuta basi. Treni ya Kigoma inapita Urambo na Kaliua, ila ratiba yake haikupangwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kuweka antivairasi na kurudi. Na ukishafika unaambiwa karani yuko vijijini kwa wateja, laptopu kaibeba mgongoni kwenye pikipiki.

Kwa hiyo tulipohamia Microsoft Intune, huduma ya kusimamia kompyuta kupitia wingu, yaani seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, kila mtu ofisini aliamini kwamba sasa nitakaa mjini nabonyeza vitufe na mashine za Kaliua zinatii papo hapo. Video za mafunzo nazo zinachochea imani hiyo: mtu anabadilisha sera, yaani kanuni ambayo mashine inapaswa kuifuata, anageuka kuchukua kikombe chake, mashine imeshabadilika. Video hizo zimerekodiwa mahali ambapo intaneti ni kama maji ya bomba. Kwetu jambo la kwanza kulielewa ni nani anaanza mazungumzo.

Seva ya Intune haimfuati mtu. Kompyuta ndiyo inayokwenda kuuliza kama kuna jipya. Mashine ya Windows ikishasajiliwa, mwanzoni inauliza kila dakika 3 kwa robo saa, kisha kila dakika 15 kwa saa 2, halafu inatulia na kuuliza takriban kila saa 8. Huduma inaweza kuiamsha mapema, lakini hata mwito huo unapita kwenye intaneti hiyohiyo. Mashine iliyozimwa, au iliyoko ghalani bila bando, haisikii lolote. Agizo lako limekaa huko wingu linasubiri, na mwenye kulichukua atalichukua siku atakayotokea.

Jambo hilo dogo ndilo lililogeuza kazi yangu yote. Niliacha kuhangaika na nitakachotuma kesho, nikaanza kujiuliza mashine ikipotea hewani mwezi mzima itakuwa katika hali gani. Kila kinachoilinda lazima kiwe kimeshaingia kabla haijatoka mjini: diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalofanya data isisomeke bila ufunguo, karani hana haki za usimamizi, ukuta wa moto unaozuia miunganisho isiyoruhusiwa umewashwa, skrini inajifunga ikiachwa. Yanayobaki, kama programu mpya na mabadiliko ya muonekano, yatafika yakifika, na sikosi usingizi kwa sababu yake.

Tuanze na mashine mpya. Microsoft wana utaratibu unaoitwa Windows Autopilot, ulioanza mwaka 2017. Wazo lake ni kwamba laptopu inatoka kwa muuzaji moja kwa moja hadi kwa mfanyakazi, naye anaandika barua pepe yake ya kazini na mambo mengine yote yanajipanga yenyewe. Wazo zuri kabisa kwa mtu mwenye faiba nyumbani. Karani wa Kaliua akifanya hivyo kwa intaneti ya simu yake, Office peke yake ni gigabaiti kadhaa, na bando litamwishia skrini ikiwa bado inazungusha duara. Kesho yake atakupigia kukuambia kwamba mashine uliyompa ni mbovu.

Ndani ya Autopilot kuna njia nyingine ambayo haitangazwi sana, ya kuiandaa mashine kabla ya kumkabidhi mtumiaji. Laptopu ikifika mjini tunaiunganisha na waya wa mtandao, tunaiwasha, na kwenye zile skrini za mwanzo kabisa, kabla hujajaza kitu, unabonyeza kitufe cha Windows mara 5. Kijana wetu alipoambiwa hivyo alidhani namtania. Inatokea menyu, unachagua kuandaa, mashine inaanza kujivutia programu na sera zake. Ikifanikiwa skrini inakuwa ya kijani. Ikishindwa inakuwa nyekundu, na hapo ndipo utamu wa kuwa mjini unapoonekana, kwa sababu unaifungua na kutafuta sababu ukiwa umekaa mezani kwako. Ikiwa ya kijani unabonyeza Reseal, inajizima, tunairudisha kwenye boksi lake na kumpa dereva anayepeleka mbolea. Karani akiiwasha anaandika barua pepe na nywila yake, na kilichobaki kushushwa ni kidogo hata kwa mtandao wa simu.

Lakini yote hayo yanategemea mashine imenunuliwa sawasawa, na hapa ndipo mimi na mhasibu wetu tulipoanza kujuana vizuri. Madukani kuna laptopu zenye Windows Home na zenye Windows Pro. Kwa macho ni mapacha. Kwa bei, Home iko chini. Mhasibu, kama mhasibu yeyote mwenye akili timamu, alichukua za bei ya chini.

"Dada, si zote ni Windows?"

"Zote Windows, ila hizi hazikubali kuingizwa kwenye usajili wa kampuni."

"Basi ziingize kwa nguvu."

Hakuna nguvu ya hivyo. Windows Home haijiungi na Entra ID, ile orodha ya akaunti na vifaa vya kampuni iliyokuwa ikiitwa Azure Active Directory mpaka 2023. Inabidi ununue leseni ya kuipandisha iwe Pro, na ukijumlisha unakuta ile nafuu imeyeyuka. Siku hizi karatasi ya manunuzi ina neno "Pro" kwa herufi kubwa, na pembeni yake "TPM 2.0, RAM GB 8 kwenda juu". Mhasibu anaijua TPM, ile chipu ya usalama iliyo ndani ya mashine, vizuri kuliko baadhi ya watu waliosomea kompyuta.

Sasa bando. Hili ni suala la haki kabla halijawa suala la teknolojia.

Jumanne ya pili ya kila mwezi Microsoft hutoa apdeti za usalama. Kwa saa zetu zinatoka saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea majira ya Marekani. Maana yake ni kwamba Jumatano asubuhi mashine zote zinawashwa kwa wakati mmoja na kila moja inaanza kuvuta mamia ya megabaiti. Ofisi ya mjini inakuwa nzito, mtu wa mauzo hawezi kufungua barua pepe. Ghalani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kule intaneti ni simu ya karani mwenyewe imegeuzwa kuwa hotspoti.

Mama mmoja wa ghala la upande wa Kaliua alinipigia akiwa mpole mno, na upole huo ndio ulionishtua.

"Mwanangu, bando langu la wiki limekwisha leo Jumatano na sijaangalia hata video moja. Nimemuuliza mjukuu, anasema imekunywa kompyuta ya kazini."

Mjukuu alikuwa sahihi. Nilikwenda kwa bosi na swali moja tu: ni lini tulikubaliana kwamba usalama wa kompyuta za kampuni utalipiwa na makarani? Leo kila ghala lina laini ya kampuni na bando la mwezi. Kwenye Intune nikafanya mambo mengine matatu. Hotspoti za ghalani zimewekwa alama kwamba ni mtandao wa kulipia kwa kipimo, ili Windows isivute apdeti kubwa bila ruhusa. Matawini nimewasha utaratibu wa kugawana, unaoitwa Delivery Optimization: mashine moja ikishavuta kipande cha apdeti, jirani zake walio kwenye mtandao uleule wanakichukua kwake, hawarudi tena kwenye intaneti. Na saa za kazi nimeuwekea upakuaji wa apdeti kiwango cha kasi usichoruhusiwa kuvuka. Karani wa ghala ambaye hana jirani wa kugawana naye anapofika tawini kuleta hesabu, laptopu yake inashiba hapohapo wakati yeye anapigiwa hesabu za mifuko.

Vilevile sikubali apdeti ishuke kwa wote siku moja. Intune inaruhusu kuchelewesha zile za kila mwezi mpaka siku 30, kwa makundi. Kundi la kwanza ni mimi, kijana wetu na watu wachache wa mjini wanaojua kulalamika kwa ufasaha. Kimya kikitawala, zinafuata mashine za matawi, na za ghalani zinakuja mwisho. Wenzangu waliona ni woga. Halafu ikaja Julai 19, 2024, siku ambayo faili moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani na baadhi ya viwanja vya ndege vikarudi kuandika pasi za kupandia ndege kwa kalamu. Haikuwa apdeti ya Microsoft, na sisi hatutumii programu hiyo. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini Urambo wanasubiri.

Kuna tatizo moja ambalo sijalisoma kwenye mwongozo wowote wa usimamizi wa wingu, na kwetu ni la kila msimu. Kwenye dashibodi nikaona kompyuta ya mezani ya tawi moja haijaonekana muda mrefu. Nikapiga simu.

"Intaneti mnayo?"

"Ipo dada, WhatsApp inaingia vizuri kwenye simu."

"Kompyuta inawaka?"

"Inawaka. Ila tukifungua tovuti inasema si salama. Tumedhani mmetufungia."

"Hebu niangalizie tarehe pale pembeni chini kulia."

Kimya. Kisha kicheko. Kompyuta ilikuwa mwaka 2019.

Umeme ukikatika mara kwa mara na mashine haina UPS, ile betri ya akiba ya nje, kile kibetri cha duara cha CR2032 kilichomo ndani, kinachotunza saa, ndicho kinachobeba mzigo kila usiku mpaka kinaisha. Kikiisha, kila umeme unaporudi kompyuta inaamka miaka ya nyuma. Vyeti vya usalama vinavyotumika kuhakiki tovuti, na cheti ambacho mashine yenyewe inatumia kujitambulisha Intune, vyote vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kwa kompyuta iliyoko 2019, cheti kilichotolewa juzi bado hakijazaliwa. Inakataa. Haiwezi kuuliza kama kuna jipya, kwa hiyo hata sera ya kurekebisha saa haiwezi kuipokea. Hapo wingu zima halina msaada, dawa ni kibetri kinachouzwa dukani kwa bei ya soda na mtu mwenye bisibisi. Tukimpigia mtu wa tawi siku hizi, kabla ya kuuliza intaneti tunauliza tarehe.

Niseme sasa kuhusu BitLocker, kwa sababu hapo ndipo nilipoona faida ya mfumo huu waziwazi, na ndipo nilipoona pia kwamba huduma ya wingu mwisho wake huwa ni watu wawili kwenye simu.

Ilikuwa kabla ya mvua za kwanza, wakati wakulima wanajaa kuchukua mbolea. Mzee mtunza ghala wa Urambo akapiga. Nyuma yake nasikia sauti za watu na mtu anayeita majina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mashine imekuwa bluu. Inataka namba ambayo mimi sikupewa."

Firimwea ya laptopu, ile programu ya msingi iliyo ndani ya kifaa chenyewe, ilikuwa imesasishwa usiku wake. BitLocker ikiona mabadiliko ya aina hiyo inaweza kushuku kwamba kuna mtu anachezea mashine, na inafunga diski mpaka ipewe ufunguo wa kuokolea. Zamani hapo ndipo data ilipofia, kwa sababu ufunguo uliandikwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa kwa mtu aliyeacha kazi. Sasa sera yetu inakataa kufunga diski mpaka ufunguo uwe umeshahifadhiwa Entra ID. Nilimwomba mzee anisomee herufi na namba 8 za kwanza za kitambulisho kinachoonekana kwenye skrini, nikalinganisha, nikaupata.

Ufunguo wenyewe una tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita. Kumsomea mtu tarakimu 48 kwenye simu inayokatakata, huku wakulima wanamsubiri, ni kazi inayotaka ibada. "Sita" na "tisa" zinasikika kitu kimoja. Tulikubaliana kwamba kila nikisema sita anarudia "sita ya baada ya tano", na tisa ni "tisa ya kabla ya kumi". Hakuziingiza moja kwa moja. Aliandika kwanza nyuma ya kitabu cha stakabadhi, kundi kwa kundi, mstari kwa mstari, kisha akanisomea zote upya. Niliona anapoteza muda. Alikuwa anajua anachofanya kuliko mimi, maana ametunza ghala kwa kalamu miaka mingi kabla ya kompyuta.

Waliobuni kitu hiki nao waliwafikiria watu kama sisi. Kila kundi la tarakimu sita limetengenezwa ligawanyike kwa 11 bila baki. Ukikosea tarakimu moja tu ndani ya kundi, ukaweka tisa mahali pa sita, kundi hilo haligawanyiki tena, na mashine inakuambia palepale kwamba kundi hili limekosewa, huna haja ya kurudia yote 48. Kundi la tano lilikataa. Tukalisoma upya, likakubali. Windows ikafunguka, nikasikia mzee anawaambia watu, "Haya, mwangaluka, tuanze," ingawa hiyo ni salamu ya asubuhi na ilikuwa karibu adhuhuri, na wote wakacheka.

Baada ya pale nilipanga apdeti za firimwea zisiende ghalani kabisa miezi ya kugawa pembejeo. Kalenda ya Microsoft haijui msimu wa mvua wa Tabora. Lazima mtu aifundishe.

Maneno yalianza mapema kwamba dada wa kompyuta anatuchungulia. Anaona picha zetu, anasoma WhatsApp, kamera ikiwaka ni yeye. Kijana mmoja wa mauzo alibandika plasta kwenye kamera ya laptopu, na sikumkataza. Plasta kwenye kamera si jambo baya. Lakini mashaka yalikuwa yanazuia kazi, kwani watu walikuwa wanachomoa intaneti makusudi ili mashine isiripoti.

Barua ya ufafanuzi kutoka utawala isingesaidia, kila mtu anajua barua za utawala. Katika kikao cha mwezi nilichomeka laptopu yangu kwenye projekta, nikafungua Intune na kumwomba yule kijana wa plasta achague mashine yake mwenyewe. Wakaona: modeli, namba ya serial, toleo la Windows, nafasi iliyobaki kwenye diski, orodha ya programu zilizowekwa, mara ya mwisho kuonekana. Wakauliza historia ya tovuti iko wapi. Haimo. Picha? Hazimo. Ujumbe? Haumo. Nikawaambia pia yaliyomo ambayo hawakuyauliza: kwamba naweza kufuta mashine yote kwa mbali, kwamba programu ya kukraki ikiwekwa naiona jina, na kwamba hizi ni mashine za kampuni, kwa hiyo mambo ya harusi wayaweke kwenye simu zao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aseme anazikusanyia nini. Kikao kile kilifanya kazi ambayo sera zangu zote hazikuweza. Mashine zilizokuwa zinajificha zikaanza kuonekana.

Flashi ni kesi nyingine. Ushauri utakaoupata kila mahali ni kuzifunga kabisa, na Intune ina uwezo huo. Nilikataa. Karani wa Nzega anapeleka nyaraka steshenari iliyo karibu na stendi kuzichapa kwa sababu printa ya tawi haina wino, fomu anazojaza anazipokea kwa flashi, na flashi hiyo inatoka hapo na virusi vya shotikati kila mara. Ukifunga flashi, ataanza kutuma nyaraka za kampuni kwa WhatsApp ya mwenye steshenari, na hapo umeyakanyaga. Nimeacha flashi zifunguke, nikazima programu kujianzisha zenyewe kutoka kwenye flashi, na Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inazikagua. Haki za usimamizi hawana, kwa hiyo kinachoingia hakipati pa kushika sana. Nywila ya msimamizi ya kila mashine inabadilishwa yenyewe na kuhifadhiwa wingu, kazi inayofanywa na Windows LAPS, iliyoingizwa ndani ya Windows Aprili 2023. Kabla ya hapo nywila ya msimamizi ilikuwa moja kwa kampuni nzima, na waliowahi kufanya kazi kwetu wote waliijua.

Laptopu moja iliibiwa kwenye basi. Bosi akanipigia: "Ifute sasa hivi." Nikabonyeza kufuta, na dashibodi ikaandika kwamba agizo linasubiri. Bosi alitaka kujua linasubiri nini. Linasubiri mwizi aunganishe intaneti. Hakuridhika, na simlaumu. Kilichotulinda siku ile ni diski iliyofungwa tangu siku laptopu ilipotoka mjini. Kufuta kwa mbali ni nyongeza ya bahati. Tena kwa kuwa ilikuwa imesajiliwa Autopilot, mtu akiipiga Windows upya na kuiunganisha mtandaoni, skrini ya mwanzo itamtaka barua pepe ya kampuni yetu. Fundi wa sokoni anaweza kuzunguka hilo akiamua, ila bei yake inashuka.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikalegea nchi nzima. Wengine waliona ni mwisho wa dunia. Kwetu makarani waliingia kwenye mashine zao kwa PIN kama kawaida, kwani PIN ya Windows inahakikiwa ndani ya mashine, na sera zilizokwishaingia ziliendelea kushika. Nilichokuwa nacho makini ni kipimo cha uhalali: kwa kawaida Intune inaipa mashine siku 30 bila kuripoti kabla ya kuiita isiyofuata masharti, na kuna washauri wanaosema uzipunguze ziwe chache. Ukizipunguza halafu ukaunganisha masharti hayo na ruhusa ya kuingia barua pepe, siku nyaya zikikatika unawafungia watu wako mwenyewe. Zetu ni 30 na zitabaki 30.

Linalonisumbua sasa ni kompyuta za zamani. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa ambayo kompyuta zetu kadhaa za mezani hazina. Kampuni inaweza kununua apdeti za ziada, dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza, na bei inakuwa maradufu kila mwaka unaofuata. Nilimpelekea mhasibu hesabu hiyo ya miaka mitatu. Akakokotoa mwenyewe, 61, 122, 244, akasukuma kikokotoo pembeni na kuniuliza laptopu yenye Pro inauzwaje siku hizi.

Tunabadilisha kwa awamu, tukianza na zinazoshika fedha. Mbili za Sikonge tumezitoa kwenye mtandao kabisa na kuzifuta kwenye Intune. Zinachapa stakabadhi za ghala na kazi nyingine hazipewi. Karani wa pale ameniomba nimrudishie intaneti "kidogo tu, ya mchana". Nimemwambia asubiri awamu ya pili.